Mtungi wa Nne

Kuna watu wanaosikia simu ikiita na haijaita. Fundi Presha yeye alisikia hewa ikivuja. Ananawa uso asubuhi, mara ssss nyuma ya sikio la kulia; anafunga bomba, anatega sikio, kimya. Birika likianza kulia jikoni, yeye keshasimama. Baiskeli ya jirani ikipata pancha, yeye huyo nje, kandambili mguu mmoja. Mkewe ilibidi aifungie kabatini ile sufuria ya presha na kurudia kuchemsha maharage nusu siku nzima, maana kila ilipopumua mume alitoka nyumbani bila kuaga. Daktari alimchungulia masikio yote mawili kwa kitochi, akasema ni mazima kuliko ya kwake yeye daktari, labda apunguze chumvi. Akapunguza chumvi. Hewa ikaendelea kuvuja.

Jina la Presha alipewa kazini. Karakana yao ilipima mitungi ya hewa: ya wazima moto, ya wapiga mbizi, na ile midogo, saizi ya chupa ya chai, inayofungwa nyuma ya bunduki za rangi. Kama huujui mchezo wenyewe, ni huu: watu wazima na akili zao wanavaa vinyago, wanajibanza nyuma ya maboya ya mpira uwanjani, wanapigana kwa gololi za rangi mpaka upande mmoja uishe. Kinachoisukuma gololi si baruti, ni hewa, na hewa hiyo imebanwa mtungini kwa nguvu ambayo ikikosa adabu inatoboa ukuta. Ndiyo maana kila miaka mitano mtungi hupelekwa kwa fundi. Anaujaza maji, anausukumia presha kupita kiasi chake, anatazama ulivyovimba na kama umerudi. Ukifaulu, unapigwa muhuri wenye namba ya fundi. Namba ya Presha ilikuwa arobaini na moja.

Ila ule wa kaboni, uliosukwa kwa nyuzi nyeusi nyepesi, una sheria yake. Hata ukifaulu kila mtihani, ukitimiza miaka kumi na mitano ni marehemu. Unatobolewa kwa drili ili asije mtu akaurudisha duniani. Kaboni haioti mvi. Inang'aa vilevile mpaka siku inayopasuka.

Sasa, miaka minne iliyopita mtu huyu makini alifanya upuuzi. Nasema upuuzi kwa kumstahi tu; jina lake hasa analijua. Mchuuzi mmoja mpita njia alimletea mitungi minne ya kaboni iliyotimiza miaka kumi na mitano. "Fundi," akamwambia, "vitu vizima hivi, tazama vinavyometa. Utatoboa mali kwa sababu ya tarehe?" Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Presha akakwangua lebo za zamani, akabandika mpya zilizopunguza umri miaka minane, akamwagia gundi angavu juu yake, akapiga muhuri, akapokea bahasha. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Yeye muhuri wake ulikuwa umeipita kwa moja, labda akadhani hesabu haimhusu.

Wala hakuwa na shida. Nalisema hili kwa sababu kila aliyekosea hupenda kumtafutia kosa lake mgonjwa wa kumuuguza au mtoto wa kumsomesha. Fundi Presha alitaka makochi. Akayapata, rangi ya maziwa, miguu ya dhahabu bandia, mkewe akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuona. Mwezi haukupita, ikafika karakanani habari ya mtungi uliozidi umri kupasuka mji wa mbali na kumwacha mtu bila mkono. Haukuwa mmoja wa wale wake, aliulizia mpaka akajiridhisha. Lakini jioni ile alipokwenda kukaa kwenye kochi jipya aliisikia ile sauti kwa mara ya kwanza, ikitokea chini ya mto, na tangu siku hiyo hajakaa tena. Hukaa kwenye kigoda cha jikoni. Mkewe anajua ni mgongo.

Akaanza kuitafuta mitungi yake. Wa kwanza aliukuta kwenye maduka ya mitumba, akaununua kwa bei aliyotajiwa bila kufungua mdomo, akautoboa. Wa pili na wa tatu aliwanyang'anya wenyewe kwa maneno matamu na mitungi mipya. Wa nne haukuonekana. Alikwenda kila shindano, watu wakasema mjomba gani huyu anayempenda mpwa wake hivi. Kumbe macho yake yalikuwa nyuma ya bunduki za wachezaji. Kila kijana aliyeinama kufunga kamba za viatu, Presha alisoma lebo ya mtungi wake. Alijua alama: kwenye lebo ile ya nne, pembeni ya tarehe, gundi ilinasa kipovu kimoja cha hewa, kidogo kama punje ya chumvi. Mara mbili aliota amekipata. Mara zote mbili aliamka anashukuru, kisha akakumbuka.

Mpwa mwenyewe alikuwa binti wa dada yake marehemu. Alikuja kwao na mkoba mmoja, ana miaka tisa, leo ana ishirini na nne, anauza dawa famasi. Uwanjani walimwita Sisimizi: mdogo, haachi kutembea, na akikupata hujui alitokea wapi. Alikuwa nahodha wa timu ya watu watano, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kuchanga nauli na kushoneana jezi, timu yake ilikuwa imefika fainali. Fainali ilikuwa Jumamosi. Na wiki moja kabla, mtungi wa Sisimizi ulitimiza miaka kumi na mitano.

Aliupeleka mwenyewe kwa mjomba wake, akasimama pale anautazama ukitobolewa. "Sheria ni sheria," alisema huku anajifuta macho kwa mkono wa shati. "Si umenifundisha wewe?"

Basi Alhamisi alasiri, baada ya kazi, akaja kumchukua.

"Shikamoo mjomba. Vaa viatu, twende ukanichagulie mtungi. Wa bei ya mtu anayeuza panadoli."

"Marahaba. Nenda tu mama, mbona unajua kuliko mimi."

"Najua, ila Bei Poa akikuona wewe anaogopa kudanganya."

Akavaa viatu.

Duka la Bei Poa lilikuwa chumba kirefu chembamba, chenye vinyago vilivyoning'inia ukutani vyote vikitazama mlango. Mwisho wa chumba kulikuwa na kompresa na bomba lake la kujazia. Siku hiyo alikuwepo mteja mmoja tu, mwalimu wa hesabu, mchezaji wa timu nyingine, amekuja kujaza mtungi wake. Sisimizi alitua begi lenye mitungi minne ya wenzake iliyongoja zamu ya kujazwa, akajipangusa mikono.

"Mheshimiwa nahodha!" Bei Poa akatoka nyuma ya kaunta. "Na fundi! Shikamoo fundi. Leo duka limepata baraka."

"Baraka utaiona kwenye bei," alisema Sisimizi. "Toa vitu."

Bei Poa akapanga mitatu juu ya kaunta. Wa kwanza wa kaboni, mpya, ndani ya nailoni yake. Sisimizi akauliza bei, akaambiwa, akaurudisha taratibu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. Wa pili wa aluminiamu, mpya pia, bei ya kawaida kabisa. Akaunyanyua, akaushusha, akaunyanyua tena. Mzito, na hewa inayoingia ni kama theluthi mbili ya ile ya kaboni. Mchezaji wa mbele anakimbia ameinama, anajitupa tumboni, anainuka. Akiwa na chuma kile begani, na hewa imwishie katikati ya mchezo, ni bora akae nyumbani aangalie kwa simu.

"Na huu," alisema Bei Poa, "ni wa mtumba. Umeingia jana. Kaboni. Bei nusu."

Presha alikuwa amesimama karibu na mlango. Akaisikia ile sauti kwenye sikio la kulia, akajikuna.

Sisimizi hakuuliza bei tena. Alianza vile alivyofundishwa tangu ana miaka kumi na minne. "Tarehe kwanza, bei mwisho," alisema kwa sauti ya kumuigiza mjomba wake, mwalimu wa hesabu akacheka. Akasoma lebo: umri miaka kumi na moja, bado minne. Mtihani ulifanyika miaka minne iliyopita, bado mmoja. Akafungua valvu, akatia kidole shingoni akapapasa meno ya skrubu. Akapitisha ukucha mwili mzima kutafuta uzi wa kaboni uliochomoza. Akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaugeuza, akausogelea muhuri.

"Ha! Mjomba!" Akamkamata mkono. "Arobaini na moja! Ni wewe huyu!"

"Kumbe wako!" Bei Poa akapiga makofi. "Basi bei haipungui hata senti. Mtungi wa fundi wa familia!"

Presha akainama kutazama. Hakuhitaji miwani. Kipovu kilikuwa pale pembeni ya tarehe.

Miaka minne alikuwa amejiambia kwamba siku akiupata atashukuru. Sasa ulikuwa mikononi mwa mtoto wa dada yake, ambaye hakufanya kosa lolote. Alisoma tarehe. Alipapasa shingo. Alitafuta uzi. Katika mitungi yote ya rahisi mjini aliuchagua huu kwa sababu alifuata kila alichoambiwa, na la mwisho alilofundishwa ni kwamba muhuri wa mjomba hausemi uongo.

"Chukua wa aluminiamu," alisema.

"Kwa nini?"

"Ni... mzuri zaidi."

"Mjomba, wewe mwenyewe unaita aluminiamu jiwe la kusagia."

"Huu siupendi."

"Huupendi, na umeupima wewe?" Sisimizi alimtazama kwa huruma, kama anavyowatazama wazee wanaosahau dawa zao. "Niambie ubovu wake na mimi nijifunze."

Hapo ndipo Presha alipoona kichochoro. Akashusha pumzi. "Sawa, mzuri. Nakununulia mimi. Zawadi ya fainali. Bei Poa, funga, tunaondoka nao." Atafika nao nyumbani, atasema ngoja niusafishe, kesho asubuhi atakuwa ameutoboa na kukopa mwingine karakanani. Hakuna atakayejua. Alianza kutafuta pochi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu miguu yake ilikuwa miepesi.

"Mungu akubariki mjomba!" Sisimizi akamkumbatia. "Ila kwanza uonje presha."

"Hakuna haja."

"Fundi, huo ndio utaratibu wa duka," alisema Bei Poa. "Mtumba hautoki hapa haujajazwa mbele ya mnunuzi. Nimeshagombana na watu mimi."

"Na ni utaratibu wako pia," alisema Sisimizi, ambaye tayari alikuwa amepiga magoti kwenye kompresa, amerudishia valvu, amechomeka bomba. "Usinunue mtungi usioonja presha. Au umezeeka?" Akawasha.

Kompresa ikanguruma. Mshale wa geji ukapita hamsini. Sisimizi aliukumbatia mtungi kwa magoti yake ili usizunguke, amekaza macho kwenye geji, nywele zimemwangukia usoni. Mama yake alikuwa akikaa vile vile akipura nafaka.

Mshale ukafika mia moja. Mtungi ulitengenezwa kupokea mia tatu.

Na hapa nimseme bila kumficha, maana yeye mwenyewe hakujificha baadaye: Fundi Presha alipiga hesabu. Alijiambia mtungi huu umejazwa mara ngapi katika miaka minne, mia mbili? Mia tatu? Umevumilia. Kwa nini usivumilie mara moja tu zaidi? Mia moja na hamsini. Ukivumilia, kesho anautoboa na mambo yamekwisha. Binti alikuwa ameupakata mtungi, na mjomba alikuwa anapima aibu yake upande mmoja na mwili wa mtoto upande wa pili, na kwa muda wa mshale kutoka mia moja hadi mia na tisini mizani ilikaa sawa. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Hajawahi kulisamehe.

Kisha mtungi ukalia. Mlio mdogo, tik, kama kucha inayokatwa. Sisimizi hakuusikia kwa kelele za mashine. Presha aliusikia.

"Zima!" Hakujua kama sauti ile ilikuwa yake. Alimvuka Bei Poa, akagonga swichi kwa kiganja, akamshika mpwa wake mabegani akamvuta nyuma mpaka wote wawili wakaangukia rafu ya vinyago. "Tokeni! Tokeni nje wote!"

Wakatoka. Yeye akabaki. Akalala kifudifudi nyuma ya kaunta ya zege, akanyoosha mkono mmoja, akalegeza skrubu ya kutolea hewa, robo mzunguko tu. Ssss. Ile ile. Miaka minne ilikuwa ikimnong'oneza bafuni na jikoni, na sasa ilijaza chumba kizima, na alilala pale akiisikiliza bila kuziba masikio, dakika kumi, mpaka mshale ukalala kwenye sifuri.

Aliporudi mlangoni, walikuwa wamesimama barazani wanamngoja. Sisimizi alikuwa na mchubuko kwenye kiwiko.

"Nini, mjomba? Umesikia nini?"

Angeweza kusema valvu. Wangemwamini. Wangemsifu, hata.

"Mtungi ule una miaka kumi na tisa," alisema. "Si kumi na moja. Lebo niliibadilisha mimi. Nilijua ninachofanya. Ilikuwa minne, mitatu nimeshaiharibu, huu ndio wa nne. Nimekuona unaujaza na nikanyamaza. Sikunyamaza kidogo."

Maji yakishamwagika hayazoleki. Mwalimu wa hesabu alikuwa bado ameshika mtungi wake. Akaugeuza, akausoma muhuri, akauweka chini kwenye sakafu ya baraza, taratibu, akarudi nyuma hatua tatu.

"Huo ni wa kweli," Presha alimwambia. "Huo ni mzima kabisa."

Mwalimu hakuuchukua.

Sisimizi aliingia ndani. Akatoka na begi la timu, akalifungua, akatoa mitungi ya wenzake mmoja mmoja akaipanga ukutani. Minne. Kila mmoja na arobaini na moja yake.

"Huu?"

"Wa kweli. Nilipima mwezi wa pili."

"Huu?"

"Wa kweli."

"Huu?"

"Wote ni wa kweli, mama. Nakuapia. Kaburi la mama yako."

"Usimguse mama." Hakupandisha sauti. "Muhuri ni ule ule. Mkono ni ule ule. Nikiushika huu na ule, mimi natofautishaje?"

Presha akautazama muhuri wake. Alikuwa mtu anayeweza kujua kwa ukucha kama uzi mmoja umechoka kati ya maelfu. Hakuna geji ya kupimia hilo.

"Fundi mwingine mwenye muhuri yuko wapi?" Sisimizi alimuuliza Bei Poa.

"Yuko mji wa juu. Kwenda na kurudi, na kupimwa, ni siku tatu. Au nne." Bei Poa alikuwa anatazama viatu vyake. "Hamuwahi Jumamosi. Na mipya ninayo miwili tu."

"Najua." Akatoa simu. Akasogea hatua mbili, lakini baraza lilikuwa dogo na kila mtu alisikia. "Habari za jioni. Ni nahodha... ndiyo, mimi. Nataka kuwaarifu kwamba tumejitoa... Fainali, ndiyo... Hapana, timu ipo yote, wazima wote." Akasikiliza swali la upande wa pili. "Hapana. Hakuna aliyeumia."

Akazima simu. Alikaa akiishika, na mabega yake yalipanda yakashuka mara moja, basi. Kisha akairudisha mitungi minne begini, akafunga zipu, akalibeba begi begani. Lilikuwa zito, lilimvuta upande mmoja. Presha alikuwa amesimama kwenye ngazi ya pekee ya baraza lile, na mikono yake ilinyooka yenyewe, kama ilivyonyooka kila siku tangu binti ana miaka tisa na mkoba wa shule.

"Lete nikubebee."

Sisimizi alimtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Alikuwa na ile adabu ya famasi, ya kumhudumia mtu usiyemjua.

"Naomba nipite, fundi," alisema.

Akampisha.